Michezo Miwili ya Mgeni

Nyumbani kwetu Malangali, mgeni hakufungwa karata kabla ya mchezo wa tatu. Ilikuwa sheria ya baba, na baba hakuwa mtu wa sheria nyingi. Mgeni akija, awe mwalimu mpya wa shule, awe katekista wa kigango, awe kijana aliyekuja kuposa, alikalishwa kwenye stuli ya karibu na jiko akagawiwa karata kama sisi. Lakini kwa michezo miwili ya kwanza sisi wenyeji tulicheza karata zetu zikiwa wazi. Tulizilaza mezani, mgeni akaziona zote, na bado tulimweleza kwa nini tunatupa hii na kubakiza ile. Mchezo wa tatu baba alizikusanya, akazichanganya taratibu, akagawa, na safari hii kila mtu akazikumbatia kifuani. Kisha akamwambia mgeni, "Haya, shika jembe."

Hapo hapakuwa na huruma tena. Mgeni alifungwa mpaka akaanza kutafuta koti lake, nasi tulimcheka, na baba alimcheka kuliko sisi. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kila mtu anaijua, ila wengi huitumia kumsimanga mtu aliyekaa sana. Baba aliielewa kwa namna yake. Kwake jembe lilikuwa heshima. Alisema mtu ambaye hujampa jembe hujamkubali bado, unamwangalia tu anavyokula.

Tulikuwa na pakiti moja ya karata kwa miaka yote ninayoikumbuka. Saba ya kopa ilipotea kabla sijajua kusoma, na badala yake dada yangu alikata kipande cha boksi la sabuni akachora kopa saba kwa kalamu nyekundu. Kila mtu aliijua kwa mgongo. Ukiwa nayo meza nzima inajua unayo, basi ikawa kawaida kuilaza wazi bila kuulizwa. Watoto wa majirani walisema huo ni mchezo mbovu. Mimi hadi leo nikishika karata mpya, kamili, zinazoteleza, nahisi kuna mtu anataka kuniibia.

Dada alinizidi miaka sita. Ndiye aliyenifundisha, maana baba alichoka nami mapema. Nilikuwa na ugonjwa mmoja mezani: nikipata ree, karata kubwa kuliko zote, naificha. Naiweka, naiweka, nangoja siku yake kuu, mpaka mchezo unaisha ningali nimeishika na haina kazi. Dada alikuwa anasonya polepole, kisha ananiuliza, "Hiyo ree unamwekea nani?"

Hakuwa msemaji. Nyumbani tulizungumza Kifipa, na hata kwa Kifipa ungekaa naye kutwa nzima ukaambulia maneno matano, mawili kati ya hayo yakiwa ya kukutuma maji. Lakini mezani alisema. Alinung'unika, alidhihaki, alitabiri karata zangu kabla sijazitoa. Mama alikuwa ameshafariki, tukabaki watatu, na miezi ya baridi, upepo ukipenya kwenye mbao za dirisha, tulijibanza kuzunguka jiko la mkaa na zile karata zetu zilizolegea. Kila nilichokijua kuhusu moyo wa dada yangu nilikijua pale. Akiwa na furaha alitupa karata kwa kishindo. Akiwa na jambo alizipanga na kuzipangua. Sikuhitaji kumuuliza.

Akaolewa Kabwe. Mume wake ni mfanyabiashara wa samaki, Mwislamu, mtu mpole ambaye baba alimfunga vibaya sana mchezo wa tatu na akampenda tangu siku hiyo. Dada akabadili dini, akahamia ziwani, akaagana na baridi ya kwetu. Kila baada ya wiki chache alituma kwa basi kapu la samaki, migebuka iliyokaushwa, limefungwa kwa kamba ya nailoni yenye fundo lake mwenyewe, nasi tukarudisha maharage na unga wa ulezi kwa basi hilohilo. Hakukuwa na barua ndani ya kapu. Fundo lilitosha.

Baba alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshikilia. Wanaoijua barabara ya kutoka Kabwe kuja huku juu wanajua mwezi wa tatu inavyokuwa. Dada alikwama njiani siku nzima na zaidi, akafika tumeshazika. Alishuka kwenye pikipiki, tope hadi magotini, ushungi umelowa, akasimama uani akiliangalia turubai la msiba. Nilimpokea mimi. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolisimulia.

Nilimkaribisha. Nilimwekea kiti cha plastiki upande wa wageni waliotoka mbali, nikamletea maji ya kunawa, nikampelekea chai na chapati kwenye sahani iliyofunikwa. Alipoinuka kwenda jikoni nilimrudisha. Jikoni kulikuwa na mitungi ya pombe ya ulezi kwa ajili ya waombolezaji, na wanawake wa kwetu wana midomo. Sikutaka dada yangu mwenye ushungi akae katikati ya mitungi ile watu wakapata la kusema. Nilidhani namstahi. Alipochukua ndoo nikamnyang'anya. Nikamwambia, "Dada, wewe kaa, umechoka na safari." Siku ya kwanza nilisema hivyo, na ya pili nikasema hivyohivyo.

Kwetu, siku ya tatu baada ya maziko, watoto wa marehemu huenda shambani kwake wakalima ntumba moja kila mmoja. Ntumba ni vile vilima vya udongo ambavyo tunafukia majani ndani yake mvua zikikaribia kwisha, yaoze, ili msimu unaofuata ardhi iwe na nguvu. Sijui koo nyingine zinafanyaje, sisi tulifanya hivyo kwa bibi na tukafanya kwa mama. Asubuhi ile nilitoa majembe mimi mwenyewe, moja langu na matatu ya wana wa baba mdogo, ambao kwetu nao huhesabiwa wana wa marehemu. Jembe la dada, lile aliloliacha alipoolewa, lilikuwa nyuma ya mlango, na nililiona. Nikampita akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikamwambia apumzike, tunarudi sasa hivi.

Tuliporudi alikuwa amekunja kanga zake. Aliwaaga watu kwa adabu, mmoja mmoja, na mimi akanipa mkono kama anayeagana na mwenyekiti wa mtaa. Akasema, "Asanteni sana kwa ukarimu." Alisema kwa Kiswahili, dada yangu, ndani ya nyumba ya baba yetu.

Kapu la migebuka halikuja tena. Huwezi kusema tuligombana. Nikipiga simu alipokea: hamjambo, hatujambo, watoto wazima, haya, nashukuru. Simu inakatika nami nabaki nimeishika. Mwaka ukapita, na wa pili. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda hapa mjini, Majengo, na nusu ya kazi yangu ni kufumua kilichoshonwa vibaya, lakini hili sikujua nianze na uzi upi. Kiburi nacho nilikuwa nacho, sitaki kusema uongo. Nilijiambia kwamba nimemheshimu mtu, yeye ananinunia, basi na anune. Kisha nikakaa na kumkumbuka.

Binti yake wa pili alipopata nafasi ya chuo hapa mjini, dada alimtuma kwangu. Hakuja mwenyewe, alimpandisha basi na begi lake na salamu za kawaida. Hata hivyo nilishukuru, maana mtu asiyekutaka hakuletei mtoto. Ni msichana mchangamfu, ananiita mama mdogo, na vipindi vyake vikiisha anakuja kukaa kibandani juu ya rundo la vitambaa, simu mkononi. Siku moja katika miezi ya baridi mwaka jana akacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini.

"Mama huyu. Kamnyoosha mtu."

"Mama yupi?"

"Mama yangu, dada yako huyohuyo. Anacheza gemu la karata kwenye simu. Kila siku baada ya adhuhuri, akisubiri maboti yaingie. Kwani hujui? Mama humu ni noma, mama mdogo. Yuko daraja la kumi na mbili."

Akanigeuzia kioo. Katika gemu lile watu hujipa majina wanayotaka, na dada alikuwa amejipa jina la kilima kilicho nyuma ya shamba la baba. Niliposoma jina lile nilihisi kama mtu aliyesikia sauti ya nyumbani katikati ya stendi. Nikamwambia binti, "Niwekee na mimi."

Gemu lenyewe ni la bure, ndivyo wanavyosema. Karata zake si za kopa na shupaza. Ni za picha, askari, mbwa, simba, mganga, radi, kila moja na nguvu yake imeandikwa pembeni. Kila anayeanza anapewa karata ishirini, zilezile kwa kila mtu. Zilizo bora unazipata kidogo kidogo kwa kushinda, au unazinunua. Unapangiwa wapinzani usiowajua, ukishinda unapanda daraja, ukifungwa unashuka. Ukitaka kucheza na mtu unayemjua ipo meza ya marafiki, ila meza hiyo imefungwa hadi ufike daraja la tano.

"La tano mbali, mama mdogo," binti alisema. "Watu wanachoka wanafuta."

"Nimefungwa na babu yako miaka ishirini. Nitashindwa na simu?"

Binti akamtumia mama yake ombi la urafiki kwa jina langu. Likakubaliwa siku ileile, bila neno.

Wiki ya kwanza nilishinda kila mchezo. Fataki zilipasuka kwenye kioo, sarafu zikamwagika, na kila asubuhi kulikuwa na zawadi: karibu mchezaji mpya, pokea pakiti yako. Nilijiona mtoto wa baba kwelikweli. Nilimwambia mteja mmoja aliyekuja kupimwa gauni kwamba mambo haya yamo kwenye damu. Binti alinivumilia siku kadhaa, kisha akaweka simu yake chini.

"Mama mdogo, usikasirike. Hao uliowafunga si watu. Ni mashine. Wanakuwekea mashine mwanzoni ili upate moyo."

"Wana majina."

"Majina wanapewa tu."

Nilikasirika siku nzima. Kulikuwa na mmoja ambaye nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma.

Wiki ya pili wakanitupa kwa watu. Nasema wakanitupa kwa sababu hakuna aliyeniambia. Nilifungua mchezo nikakutana na mtu mwenye karata ambazo sijawahi kuziona, radi inayofagia meza yangu yote, chui anayekula askari wangu watatu kwa mkupuo mmoja. Mimi na zile ishirini za kuanzia. Siwezi kusema wote walicheza vizuri kuliko mimi. Wengine walicheza hovyo, makosa yao nikayaona kabisa, nikawa nasema peke yangu juu ya cherehani, wewe baba angekufukuza mezani. Na bado walinifunga, kwa sababu makosa yao yalikuwa na nguvu kuliko akili zangu. Zawadi nazo hazikukoma. Kila asubuhi karibu mchezaji mpya, na ukifungua pakiti unamkuta askari, askari yuleyule ambaye tayari ninao wanane kama yeye.

Niseme nilivyoona na ninavyoona bado. Mwenye gemu ana haki ya kula, hata mimi sishoni bure. Anayetaka kununua na anunue mavazi ya askari wake na fataki za kujifurahisha, sina ugomvi naye. Lakini mezani kwa baba hakuna aliyekuja na ree mfukoni kutoka kwao. Karata zilichanganywa mbele ya macho yetu, na ile mbovu ya boksi la sabuni ilionekana na wote. Kumwekea mgeni mashine ajidanganye si kumtendea haki. Mlazie karata zako aone unavyofikiri, kisha siku yake ikifika mpe jembe linalolingana na lako. Hawa walinikaribisha sebuleni, wakaninywesha soda, wakanilisha keki, halafu wakanipeleka shambani na kijiko.

Nikaendelea hivyohivyo, nafungwa, nashinda mara moja, nafungwa. Baada ya adhuhuri nilisimamisha cherehani. Kwenye orodha ya marafiki kitone cha kijani kiliwaka kando ya jina la dada, maana yake yumo. Nilikuwa nakitazama kile kitone tu. Dada yupo sasa hivi, nawaza, amekaa mahali panaponuka samaki, ameinamisha kichwa kama mimi, amekunja uso. Ndani ya gemu nisingeweza kumgusa wala kumwandikia, mpaka daraja la tano. Kikizimika narudi kushona, na mara nyingi nilishona upande usiotakiwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, hata sijafungua kibanda vizuri, simu ikanikaribisha tena. Karibu, mchezaji mpya. Miezi minne nafungwa na bado naitwa mpya. Ikanipanda hasira ambayo sikuwahi kuijua, hasira ya mtu anayebembelezwa ili asiguse kitu, nikasema kwa sauti, "Acheni kunikaribisha, nipeni jembe na mimi."

Nikasikia nilichosema. Nikamwona dada kwenye kiti cha plastiki, sahani iliyofunikwa magotini, akitusikia tunavyogonganisha majembe uani. Siku ya kwanza mgeni, siku ya pili mgeni, na siku ya tatu, katika nyumba ambamo sheria ya siku ya tatu ilitungwa, nikampita. Hakununa kwa sababu ya chai wala kiti. Nilimwambia, mbele ya ukoo mzima na bila kufungua mdomo, kwamba yeye si mtoto wa baba. Nikaketi juu ya vitambaa vya wateja nikalia, asubuhi kweupe, milango wazi. Jirani yangu muuza vyombo akaja kuniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia ndiyo, ila wa zamani.

Ningeweza kupiga simu siku ileile nikasema nisamehe. Nilijaribu. Alipokea, tukaulizana hali, nikafika hadi kwenye "dada, ile siku," akasema, "Aa, yamepita hayo," kwa sauti ileile ya asanteni kwa ukarimu. Neno la kinywa kwa dada yangu halikuwa na mlango. Nilijua mlango wake uko wapi.

Binti alinishauri ninunue pakiti kubwa nifike upesi. "Wenzako wote wananunua, mama mdogo." Sikununua. Hata pesa ingekuwepo nisingenunua, kwa sababu niliona nikimwendea dada na karata za kununua nitakuwa nimempelekea tena chai na chapati. Basi nikajifunza. Nilijifunza kupoteza kidogo makusudi, kumchosha mwenye radi mpaka radi zimwishie, kutumia askari wanane wanaofanana kama watu wanane. Nilijilazimisha kutoa karata kubwa mapema, kinyume cha ugonjwa wangu wa utotoni. Nikapanda la tatu, nikashuka la pili, nikapanda. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka shingo ikagoma. Kuna mwanamke alisubiri sketi yake tangu Noeli hadi katikati ya mwezi wa kwanza, na maneno aliyoniambia nilistahili.

Daraja la tano nililifikia mwezi wa pili mwaka huu, Jumapili mchana. Nilikuwa nimetoka misa, tumeshakula, mvua inapiga bati, binti ananisuka. Meza ya marafiki ikafunguka. Kitone kilikuwa kijani. Nikabonyeza jina lake kabla woga haujaamka.

Hakukubali. Nikahesabu moyoni mpaka thelathini. Kisha simu ya binti ikaita, namba ya baba yake, lakini sauti ilikuwa ya dada. Binti akaiweka mezani, sauti wazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Nikasikia upepo, na injini ya boti ikizimwa. Kisha akasema, kwa Kifipa, "Usianze. Nabadilisha karata. Naweka zile ishirini za kuanzia."

"Zako umezihangaikia, dada. Zitumie."

"Zangu zitakufunga nikiwa nimelala. Huo ni mchezo gani?"

Nami nikaweka zile ishirini, mchezo ukafunguka. Gemu lile lina vitufe vya kutuma vicheko na maua na machozi, lakini halina kitufe cha kulaza karata zako wazi. Nadhani waliolitengeneza hawakufikiri kuna mtu angetaka. Dada akazilaza kwa mdomo.

"Nina askari watatu, mbwa mmoja na mganga," akasema. "Mganga namweka. Nikimtoa sasa utamuua kwa mbwa wako, si unaye mbwa?"

"Ninaye."

"Haya. Natoa askari. Umeona kwa nini askari?"

Binti alikuwa ameacha kunisuka. Hajawahi kumsikia mama yake akisema maneno mengi namna ile. Mimi niliwahi, ila miaka mingi iliyopita, na sikujua kama nitayasikia tena. Alinitajia kila karata aliyoivuta. Alinieleza anachokitaka na anachokiogopa. Alinisonya. Mchezo wa kwanza nilishinda kama mgeni anavyoshindishwa, nikamwomba wa pili haraka kabla hajakumbuka shughuli zake.

Wa pili nikauchelewesha. Nakiri. Nilikuwa na simba mkononi, karata kubwa pekee ya zile ishirini, mzunguko mmoja tu wa kumaliza, na sikumtoa. Nilijua wa tatu unakuja, na kwamba wa tatu hatasema kitu, ndiyo sheria. Nikatoa askari, nikatoa askari mwingine, naye akaendelea kunisomea karata zake, nami nikasikiliza ile sauti na ule upepo nyuma yake. Laiti ningeruhusiwa kuwa mgeni wake mpaka jioni. Ghafla akaacha kunisomea. Karata zangu hakuziona, hakuna namna angeziona.

Akasonya polepole. "Hiyo unamwekea nani?"

Binti akanipa ncha ya kanga nikapangusa uso. Nikamtoa simba.

"Haya," dada akasema. "Shika jembe."

Mchezo wa tatu hakusema neno, lakini simu hakukata. Askari kwa askari, mbwa kwa mbwa, ishirini kwa ishirini. Katika miezi yote ile huo ndio mchezo pekee niliocheza nikijua kwamba nikifungwa nimefungwa na mtu. Akanifunga. Alinizidi kwa askari mmoja, na alipomtoa akacheka, na kicheko kilikuwa cha baba, kile cha kumtafutia mgeni koti. Sijawahi kufurahia kufungwa namna ile.

Nilipopata pumzi nikamwambia, "Dada, kipande cha baba nakilima mimi. Majani yamepanda, mwezi ujao yatakuwa kiunoni. Ntumba sijaanza. Njoo ulime."

Sikusema karibu. Neno hilo lilinifikia kwenye ulimi nikalimeza.

Kuna mtu kule alimwita, akamjibu kwa Kiswahili asubiri. Kisha akarudi kwenye simu.

"Mpini wake ni uleule?"

"Uleule."

"Ule ulikuwa unanichubua mikono tangu zamani. Weka mwingine."

Akakata.

Jumatatu nililipeleka jembe lake kwa seremala. Nilimsimamia mpaka akalainisha mpini wote, nikaupitisha mkono mara tatu kutafuta kibanzi. Sasa limesimama nyuma ya mlango uleule, na wana wa baba mdogo nimewaambia wasiliguse. Huu ni mwezi wa tatu tena. Barabara ya Kabwe ni tope tupu, basi linachelewa siku linazofika, na kila baada ya adhuhuri natazama kile kitone: kikiwa kijani najua bado yuko ziwani, kikiwa kimezimika nasikiliza pikipiki barabarani. Majani yamefika kiunoni. Nyumba nimeifagia, unga upo, kuni zipo. Kitanda cha wageni sijakitandika.